Hukumu ya Miguu: Bujora na Ushindani wa Bagika na Bagalu

Basi litokalo Tarime kwenda Mwanza huvuka Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, likapita Bunda, likaliacha lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti mkono wa kushoto, kisha Lamadi, kisha Magu. Zikiwa zimebaki kama kilomita 20 kuingia Mwanza, kondakta huita Kisesa. Watu wa Mara tumezoea kupapita hapo tukiwa tumeshaanza kuwaza stendi na mizigo. Ni hasara. Karibu na barabara hiyo ndipo ilipo Bujora, penye kanisa la duara, makumbusho ya Wasukuma, na uwanja ambamo kwa miongo kadhaa yamefanyika mashindano ya ngoma yasiyo na jaji hata mmoja aliyeketi mezani.

Utaratibu wake ni huu. Vikundi viwili hupewa nafasi kando kwa kando, kimoja cha Bagika na kingine cha Bagalu. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize. Ngoma hupigwa wakati mmoja, nyimbo huimbwa wakati mmoja, na vumbi hutimka pande zote mbili. Watazamaji wako huru kusimama wanapotaka na kuhama wanapochoka. Kikundi kitakachozungukwa na umati mkubwa zaidi ndicho kimeshinda. Hakuna alama za mavazi, alama za mpangilio, wala alama za ujumbe kwa jamii. Mtu akihama upande, amepiga kura, akirudi, ameifuta.

Asili yake haikuanza Bujora. Wazee wa Usukuma huirudisha kwenye karne ya 19, kwa mafundi wawili wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Kila mmoja aliamini dawa zake ni kali kuliko za mwenzake, na kila mmoja alikuwa na wafuasi wa kumwapia. Njia ya kumaliza ubishi ikawa kucheza siku moja, mahali pamoja, na kuwaachia watu waamue kwa kwenda kwao. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na mgawanyiko ukaenea karibu Usukuma nzima. Mchezaji ngoma wa kweli alikuwa na upande. Alipokewa kwa dawa za upande huo na alifundishwa siri zake, na ukimkuta kijiji cha mbali ungeweza kumuuliza yeye ni wa wapi kabla hata ya kumuuliza ukoo.

Hapo ndipo ilipo kazi kubwa ya manju, yule ambaye Wasukuma humwita ningi: mtunzi, kiongozi wa wachezaji, na mtu anayebeba lawama zote ikiwa umati umehama. Manju anaimba huku akiangalia migongo. Migongo ikianza kuonekana mingi kuliko nyuso, ana muda mfupi sana wa kubadili mambo. Anaweza kurusha utani wa kumchoma manju wa upande wa pili, anaweza kuongeza kasi ya ngoma, au anaweza kutoa kile alichokuwa amekificha. Na kile alichokificha ndicho kiini cha sanaa yenyewe. Bayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka, walikuja na chatu hai. Chama hicho kilikuwa na elimu yake nzito ya dawa za kuumwa na nyoka, kwa hiyo chatu uwanjani alikuwa pia tangazo la huduma. Banunguli, wawindaji wa nungunungu, waliokuwa wakiingia mashimoni kumfuata mnyama anayeharibu mashamba, walicheza uwindaji wao. Wacheza bugobogobo walirusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Wengine waliingia na sanamu za mbao, nyingine zikiwa na mikono inayochezeshwa, ili kuzua kicheko au kuwafanya watu washike midomo. Sanamu hizo leo ziko katika makumbusho na makusanyo ya Ulaya na Marekani, zimewekwa kimya nyuma ya vioo, na mtazamaji wa huko huweza kudhani zilichongwa kwa ajili ya ibada. Nyingi zilichongwa ili jirani asibaki na watu.

Zaidi ya hayo kulikuwa na samba, dawa ya mvuto. Ilipakwa, ilifukiwa, ilifungwa kwenye vifaa. Msomi anaweza kuitabasamia, lakini aliyekaa karibu na wasanii wa jukwaa popote duniani anajua kwamba kuna watu wenye kitu fulani, wakiingia tu macho huwafuata, na kwamba mazoezi peke yake hayakielezi kitu hicho. Wasukuma walikipa jina na bei.

Nimewahi kufikiri jambo hili lilivyo kinyume na lilivyofanyika Marekani karibu wakati uleule. Mwaka 1885 huko Boston, Benjamin Franklin Keith alianzisha maonyesho ya mfululizo ya vodevili: mwimbaji, kisha mbwa waliofunzwa, kisha mchekeshaji, kisha wana sarakasi, kuanzia asubuhi hadi usiku, mtu akiingia na kutoka apendavyo. Biashara ikakua ikawa mtandao wa kumbi mji hadi mji, na Keith na mshirika wake Edward Albee wakahitaji kujua ni msanii gani alipwe na nani aachwe. Wakaweka utaratibu wa meneja. Onyesho jipya lilipoanza wiki, meneja wa ukumbi aliketi, akatazama kila kipande, akaandika: dakika ngapi, kimechukua sehemu gani ya jukwaa, makofi yalikuwaje, kipi kikatwe kwa kuwa kinaweza kuwaudhi akina mama na watoto. Ripoti hizo zilisambazwa kwa mameneja wa miji mingine na kwa ofisi ya kuajiri wasanii. Shehena ya ripoti hizo, kuanzia 1902 na kuendelea kwa takribani miaka 20, imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Iowa. Kwa msanii, mistari miwili ya meneja mmoja wa mji asioujua ilitosha kumfungia msimu mzima.

Lakini tazama yule meneja alichokuwa akiandika: makofi. Mwisho wa yote alikuwa karani wa umati. Alisikiliza watu wakicheka, akageuza kicheko kuwa fedha kwenye daftari. Usukuma iliondoa karani. Na Harlem baadaye ilikaribia kufanya hivyohivyo. Katika ukumbi wa Apollo, New York, usiku wa wasanii chipukizi ulioanza 1934 uliacha hukumu kwa kelele za ukumbi. Ella Fitzgerald, akiwa na miaka 17, alikuja Novemba mwaka huo akiwa amejiandaa kucheza dansi; alipowaona akina dada waliomtangulia jinsi walivyocheza, akabadili nia palepale akaimba. Akashinda. Manju yeyote wa Bagalu angemwelewa binti yule mara moja: umesoma umati, umeona ulichokuja nacho hakitoshi, umetoa kingine.

Turudi Kisesa. Padri David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Québec, aliyepewa na Wasukuma jina la Fumbuka, alifika Usukuma wakati ambapo mapadri wengi bado waliona ngoma kama kikwazo cha ubatizo. Walikuwa na sababu zao, maana ngoma ilikuja na dawa, na dawa ilikuja na mizimu. Clement aliamua vingine. Kanisa la Bujora lililojengwa miaka ya 1950 lilifuata umbo la nyumba ya Kisukuma, na altare yake ikachukua umbo la kiti cha mtemi. Hayo yalifanyika kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza 1962, haujawapa mapadri ruhusa ya wazi ya kufikiri hivyo. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia mwishoni mwa Mei au Juni, ilikuwa tayari na maandamano ya maua, ndiyo maana ikaitwa Bulabo. Iliangukia pia wakati mwafaka, kwa kuwa mavuno yameingia, jembe limepumzika, na msimu wa ngoma umefunguliwa. Clement akawaacha Bagika na Bagalu waingie kwenye viwanja vya parokia siku za Bulabo.

Jambo hilo halikuwa dogo, na wala si la kumsifu padri peke yake. Wachezaji nao walikubali kitu kigumu: kuhamishia ugomvi wa kurithi chini ya kivuli cha dini ambayo ilikuwa ikiwaambia waache nusu ya vifaa vyao. Asubuhi Ekaristi, mchana chatu. Mpaka leo mtu anaweza kukaa Bujora akajiuliza ni nani aliyemmeza mwenziwe, na jibu litategemea amekaa upande gani wa uwanja.

Makumbusho yalifunguliwa 1968, na mwaka huo una maelezo yake. Serikali ilikuwa imeufuta utemi kisheria mwaka 1963, na ngoma za enzi, viti, mavazi na silaha za watemi zikabaki bila nyumba. Mali ya enzi isiyo na enzi huharibika upesi. Watoto huigawana, mchwa huimaliza, au mnunuzi wa kizungu hupita na shilingi. Bujora ikawa pa kuzihifadhi. Banda la ngoma za enzi lilijengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ngoma zake hazikufungiwa kabisa: bado hupigwa katika sikukuu za kanisa na ugeni wa serikali. Palijengwa pia banda la vyama vya ngoma, na ndani yake Bagika na Bagalu wakawekwa pamoja kama ndugu wawili waliokataa kupatana. Miaka ya mwisho ya 1970 wazee walikaa katika kamati ya utafiti kukusanya simulizi. Ni kazi ya watu wengi, baadhi yao wasiojua kusoma, na ndiyo maana makumbusho haya hayana harufu ya ofisi.

Mtu wa Mara atauliza, haya ni ya Wasukuma, yanatuhusu nini? Kwanza, Wasukuma wako Bunda na wako Serengeti, na walihamia na ngoma zao. Pili, fedha. Ngoma hizi zilistawi sana katika miaka ya pamba, wakati vikundi vya kulima kwa zamu vilipokuwa pia vikundi vya kucheza, na bugobogobo ni mtoto wa shamba hilo. Aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa hadi wakapata chama kikuu chao, Victoria Federation, mwaka 1955, ni Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, mkoani Mara. Shilingi ya pamba iliyopata bei nzuri ilinunua filimbi, kanga, viatu vya mpira na njuga mpya, na mwezi wa Juni ikaonekana uwanjani.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, sisi tulichukua njia nyingine ya kuhukumu ngoma, na hatujaikagua.

Desemba 1962, akiihutubia Jamhuri mpya, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba vijana walifundishwa rumba na chacha wakaona aibu ngoma za baba zao, na akatangaza wizara ya utamaduni na vijana. Kikafuata kikundi cha ngoma cha taifa, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na baada ya kikundi hicho kuvunjwa, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa 1981. Nia ilikuwa njema na faida zilipatikana. Ila ngoma iliyochezwa usiku kucha ikawa ya dakika chache. Wachezaji waliozunguka duara wakageuzwa kumtazama mgeni rasmi. Mashindano ya wilaya, mkoa na taifa yakaweka majaji wenye karatasi, na ngoma ikaanza kujipanga kwa ajili ya karatasi: mstari ulionyooka, sare zinazofanana, ubeti wa kusifu mradi. Mkuria wa Sirari na Mkuria wa Isebania, wanaotenganishwa na kizuizi cha mpaka tu, wote wamepitia mikono ya majaji wa aina hiyo, mmoja katika mashindano ya shule za Tanzania, mwingine katika tamasha la muziki la Kenya lenye mizizi tangu 1927, ambako jaji husimama na kuwaeleza watoto mbele ya ukumbi walipokosea.

Dar es Salaam ilipata njia ya katikati. Vikundi kama Muungano, na TOT iliyoanzishwa 1992 chini ya John Komba, vilitoa onyesho la kila kitu katika usiku mmoja: ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza, taarab ya kufungia. Ukitaka kuiona vodevili ya Tanzania, ilikuwa pale, katika baa za wazi za miaka ya 1990. Na hukumu yake ilikuwa kutunza. Mtazamaji aliinuka, akacheza hadi jukwaani, akabandika noti kwenye paji la uso la mwimbaji. Ni hukumu iliyo wazi kuliko karatasi ya jaji, lakini ni ya wenye noti. Bujora ya Bagika na Bagalu haikudai noti. Mtoto asiye na senti alihesabiwa sawa na mfanyabiashara wa ng'ombe, kwa kuwa wote wawili huchukua nafasi moja ya kusimama.

Nisiisifu kupita kiasi. Umati una upofu wake. Hupenda kelele, hupenda kinachoonekana kutoka mbali, na anayesimama safu ya kumi hawezi kuhukumu ubeti aliousikia nusu. Manju mwenye maneno mazito na sauti ya chini hushindwa na mwenye chatu mrefu. Umati hufuata umati pia: ukishaona watu 200 upande mmoja, unadhani wameona jambo, nawe unakwenda, na kumbe wote wamefuatana. Kwa sababu hiyo vikundi viliwahi kupeleka watu wao kusimama mapema, mbinu ambayo ukumbi wa Paris uliifahamu tangu karne ya 19, ambako waliokodiwa kupiga makofi walikuwa na ajira rasmi.

Sasa chukua ritungu ya Wakuria. Zeze hilo la nyuzi nane lina mwili mnene wa mbao na sauti nzito inayonguruma chini kabisa, na mpigaji huketi nalo, akasimulia wizi wa ng'ombe, ndoa, kifo cha mtu aliyempenda. Kinachotakiwa ni watu wachache, kimya, na muda. Mweke mpigaji huyo kando ya kikundi cha bugobogobo chenye majembe hewani, na katika dakika tano atabaki na mkewe na mbwa wawili. Mpigaji nyatiti wa Rorya angalau amefunga njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni ya kugongea, kwa hiyo ana kitu cha kuonekana. Wacheza ibirandi, wenye viatu vizito vya mbao vinavyowainua juu ya ardhi, wangeweza kushindana popote. Ukiwaona wakiruka navyo, miguu yako yenyewe itakupeleka. Lakini ritungu isingeshinda Bujora, na ikiwekwa mbele ya majaji wa karatasi hupewa alama za wastani kwa sababu haina mpangilio wa jukwaa. Hukumu zote mbili zimeiangusha, na ni moja ya sanaa bora zaidi tulizo nazo kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya.

Nadhani Wasukuma walilijua tatizo hili, kwa maana hawakuweka ngoma zao zote katika ushindani wa uwanjani. Wana wigashe, nyimbo za kuimba watu wakiwa wameketi, na wana nyimbo za kulima ambazo hukumu yake ni urefu wa shamba lililokwisha kabla jua halijawa kali. Bagika na Bagalu walishindania kile kinachoshindaniwa kwa umati, na mengine wakayaachia mizani yake.

Kwa hiyo anayetaka kuanzisha tamasha Tarime au Mugumu, na kila miaka michache anajitokeza mtu wa kutaka hivyo, akatazame Bujora kabla ya kuagiza fomu za majaji. Ibirandi zipewe uwanja wa mchana, vikundi viwili kwa pamoja, koo mbili zenye utani wa zamani, na watu waachwe wahame. Kelele zitakuwepo, ubishi utakuwepo, na kesho yake kila upande utasema umeshinda. Bagika na Bagalu wameishi hivyo kwa zaidi ya karne moja bila mtu kuwapa kombe. Ritungu iwekwe jioni, mbali na spika, ndani ya boma au chini ya mti. Wazee watano wanaojua nyuzi zile waketi mbele, wamwambie mpigaji waziwazi ni wapi alipolidanganya zeze na ni wapi alipolitendea haki. Na vijana waruhusiwe kukaa nyuma, mradi wazime simu.